«Fanya kwanza, tutaonana»: kazi ya vijana wa Butembo na Beni ilipwe

Vijana wenzetu wa Butembo na Beni, na ninyi wenye mulikimbilia Kampala, Kisangani ao Kinshasa lakini roho ilibaki huku,

Tumezoea kuandika hapa juu ya mauaji, juu ya barabara, juu ya maji na umeme, juu ya wandugu wetu wenye kukamatwa. Leo tunaandika juu ya jambo lenye linaonekana ndogo: pesa ya kazi. Tunasema pesa ya wale vijana wenye kutengeneza blogu na tovuti, wakiwa na ordinatere moja ya okazioni, mega za kununua kila asubuhi, na diploma iliyolala ndani ya farde.

Mimi mwenye kuandika niko mmoja wao. Nilimaliza chuo kikuu hapa Butembo. Nilipeleka barua za kuomba kazi kwenye ofisi za serkali, kwenye mashirika, kwenye shule, mpaka mama mwenye kunipigia fotokopi akaanza kunipunguzia bei bila mimi kuomba. Pale njo nilielewa kama hali yangu inaonekana na kila mtu.

Nikaanza kujidebruye. Rafiki mmoja alinifundisha namna ya kusimamisha blogu. Nikafanya ya kanisa, nikafanya ya shule, nikafanya ya mfanyabiashara mwenye kuleta vyombo kutoka Dubai. Leo watu wakiniuliza ninafanya nini, sisemi tena «bado ninatafuta kazi». Nasema niko fundi wa tovuti. Lakini jioni nikirudi nyumbani, mama akiuliza kama nimeleta kitu, mara nyingi najibu: «Mama, walisema tutaonana.»

Hilo neno «tutaonana» njo limeleta hii makala.

Bure ni programu, kazi haiko bure

Vijana wengi wa huku tunatumikisha WordPress. Ni programu yenye ilianza mwaka 2003. Haiuzwe. Kila mtu anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuitumikisha. Leo zaidi ya tovuti 4 kwa kila 10 duniani zinasimama juu yake. Maana yake, kijana wa Furu ao wa Mulekera anashika chombo kilekile chenye kijana wa Nairobi ao wa Paris anashika. Hii kwetu ni bahati kubwa, sababu hakuna mtu alituomba kwanza tukanunue mashine ya dola elfu ndipo tuanze.

Lakini bahati hiyo imegeuka mtego. Mteja akisikia kama programu ni bure, anafikiri kama kazi pia ni bure. Mchanga wa mto pia ni bure, lakini fundi mwashi hakujengei nyumba bure.

Tuhesabu pamoja. Jina la tovuti, lile lenye kumalizika na .com, linalipwa kila mwaka, karibu dola 10 mpaka 15. Usipolipa, linaenda, na mtu mwingine anaweza kulichukua. Nafasi ya kuhifadhi tovuti nayo inalipwa, kila mwezi ao kila mwaka. Mega ni pesa. Umeme ukikatika, kuchaji ordinatere kwenye grupu ya jirani ni pesa. Tena kuko kazi yenye mteja haone kabisa: haleti maandishi, anasema «angalia tu kwenye Facebook yetu». Haleti picha, anatuma ile ya WhatsApp yenye haisomeke. Siku tatu za kwanza unafanya kazi ya mwandishi, ya mpiga picha na ya msahihishaji. Ndipo unafika kwenye kazi yenye mulipatana.

Mara ngapi tumesikia papa mmoja wa heshima akisema: «Mtoto wangu, fanya kwanza, watu waone, jina lako litajulikana»? Tunamheshimu papa. Lakini jina lenye kujulikana halinunue unga.

Usiku wenye ningeweza kuzima

Acha niseme yenye ilinifikia mimi, bila kutaja jina la mtu.

Shirika moja dogo la huku liliniomba tovuti. Tulipatana dola 150, kwa mdomo, tukiwa tumesimama. Wakanipa 40. Nikafanya kazi wiki tatu. Tovuti ikatoka vizuri, wakafurahi, wakaipiga picha, wakaituma kwa wafadhili wao. Dola 110 zenye zilibaki, «tutaonana». Nikaenda mara moja, mara mbili, mara tano. Mwisho mlinzi akanijua, akawa ananiambia kabla sijauliza: «Wakubwa hawako.»

Neno la siri la ile tovuti lilikuwa kwangu. Rafiki yangu akaniambia: «Zima. Wataleta pesa mbio.» Na alisema kweli, ilikuwa ya kubonyeza tu. Nilikaa usiku mzima mbele ya ordinatere.

Lakini kwenye ile tovuti kulikuwa namba za kupigia kwa mama wenye kukimbia vita na watoto, wenye hawajue waende kituo gani cha afya. Ningezima, mkubwa wa shirika hangelala njaa. Mama mwenye kufika usiku kutoka Lubero njo angepiga namba yenye haipatikane.

Na kuko kingine. Tarehe 31 desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, serkali ilikata intaneti inchi nzima, karibu siku 20. Sisi wa Beni na Butembo tulikuwa tumekatwa mara mbili, sababu hata ule uchaguzi wa rais tulinyimwa: walisema ni juu ya Ebola na usalama, wakatusukuma mpaka mwezi wa tatu 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapa. Tulipiga kelele kama kukata mawasiliano ya raia ni kumfunga mdomo. Je, mimi mwenye nilipiga kelele ile, nitakata mawasiliano ya raia juu ya dola 110?

Sikuzima. Mpaka leo sijalipwa. Siandiki hivi ili munisifu, sababu ile mwezi nyumbani tulikula vibaya. Naandika sababu nilijifunza kama kosa lilianza siku ya kwanza, pale tulipatana tukiwa tumesimama. Kama mapatano ni mabaya, mwisho unabaki na njia mbili tu: kupoteza ao kufanya ubaya. Kazi yetu ni kufanya hizo njia mbili zisibaki peke yake.

Mambo 5 ya kushika tangu leo

Kwanza, andika. Usifanye kazi ya mdomo. Karatasi moja inatosha: kazi gani, kurasa ngapi, siku ngapi, bei gani, nani analeta maandishi na picha, masahihisho mara ngapi. Na musifikiri kama karatasi peke yake njo ina nguvu. Sheria ya dijitali ya inchi yetu, ile namba 23/010 ya tarehe 13 machi 2023, inatambua maandishi ya elektroniki kama ushahidi, ikiwa mwenye kuandika anajulikana na maandishi hayajaguswa. Kwa hiyo mukikubaliana kwa barua pepe, uihifadhi. Usifute.

Pili, nusu mbele. Mafundi wengi wa huku, kama seremala, wanaomba avansi ya vifaa na hakuna mtu anakasirika. Na sisi tuombe nusu kabla ya kuanza, robo wakati mteja anaona sura ya kwanza, robo ya mwisho kabla tovuti haijatoka hadharani. Mpaka pale, kazi inabaki pahali pa majaribio, mteja anaiona lakini dunia haiioni. Hivi hautahitaji kuzima kitu cha mtu, sababu hautawasha kabla ya kulipwa.

Tatu, jina la tovuti liandikwe kwa jina la mteja, siyo kwa jina lako. Tunajua kuko wenzetu wenye wanashika majina ya wateja kama rehani. Huo ni wizi, na unaharibu kazi ya wote. Mwenye kuchomwa mara moja na kijana wa Butembo, kesho atatafuta fundi wa Kampala.

Nne, sema bei ya kila mwaka tangu mwanzo. Tovuti nyingi za huku zinakufa kisha miezi 12, siyo sababu fundi ni mbaya, ila hakuna mtu alimwambia mteja kama kuko malipo ya kurudia. Mwambie. Tena hiyo njo mkate wako wa kudumu: wateja 10 wenye kukulipa kidogo kila mwaka ili uwachungie tovuti ni bora kuliko mteja 1 mkubwa mwenye kupotea.

Tano, tusikae kila mtu peke yake. Sheria ya OHADA, yenye inchi yetu iliingia tangu septemba 2012, inaruhusu watu 5 tu kuunda kooperative ndogo. Watano! Mmoja anajua sura, mmoja anajua kodi za programu, mmoja anaandika Kifaransa kizuri, mmoja anapiga picha, mmoja anajua kudai pesa bila kugombana. Na mwenye anataka kubaki peke yake, OHADA ile ile imeweka hali ya «entreprenant»: mtu anajitangaza tu kwenye rejista ya biashara, bila kuandikishwa kama kampuni. Mama zetu wanacheza likelemba kwa sokoni tangu zamani. Na sisi tunaweza kucheza likelemba ya pano la jua na betri, kila mwezi fundi mmoja.

Kazi iko, lakini inapita juu ya vichwa vyetu

Musiseme kama huku hakuna soko. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, watu wetu wanafika mpaka Guangzhou. Beni ni mji wa kakao. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria yenye kuomba wanunuzi wa kakao na kahawa waonyeshe shamba liko wapi na kama msitu haukukatwa juu yake. Hata kama siku ya kuanza kuitumikisha ilisogezwa, wanunuzi wataendelea kuuliza. Kooperative ya kakao yenye haina kitu cha kuonyesha kwenye intaneti, itauza tu kwa mwenye kupanga bei yake mwenyewe. Vijana, ile ni kazi yetu.

Tena, tangu Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa januari 2025, uongozi wa jimbo unatumika kutoka Beni, na mashirika kadhaa yalikuja upande huu. Lakini wanakuja na kontra zao, na mafundi wao wa mbali. Kijana wa Beni anaitwa tu kuunganisha waya. Kuko sheria ya mwaka 2017 juu ya kazi za kandarasi ndogo, yenye kusema kama kazi hizo ni za makampuni ya Wakongomani. Nzuri sana. Lakini kampuni yenye haina makaratasi haionekane na sheria. Ndiyo maana tunasema tena: watu watano, andikeni jina lenu.

Yenye tunadai kwa serkali

Sisi tunafanya sehemu yetu. Na serkali ifanye yake.

Tunadai umeme wa kweli. Saa yenye umeme unakatika, fundi wa Nairobi anaendelea kutumika na sisi tunahesabu nyota.

Tunadai intaneti isikatwe tena juu ya siasa. Walifanya januari 2015, walifanya tena mwisho wa 2018. Kila mara wanasema ni usalama. Lakini mteja wa mbali hajue usalama, anajua tu kama ulikosa siku yenye uliahidi.

Tunadai wasituletee tena RAM ingine. Munakumbuka: kuanzia septemba 2020 walikuwa wanakata unite ndani ya telefone zetu, dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo, dola 7 kwa ile ya kisasa, bila kutuuliza. Mtu ananunua mega za kazi, anakuta zimepunguka. Raia walikataa, vyama vya wananchi vilikataa, na mwaka 2022 ikaondolewa. Hiyo inatuonyesha kama sauti yetu, tukiwa pamoja, inafika.

Na tunadai ofisi za mji, za komine na za jimbo, zikitaka tovuti, zitangaze kazi hadharani, ubaoni na kwenye redio, na bei ijulikane. Siyo kumpa mpwa wa mkubwa, kisha tovuti inakaa miaka miwili na maneno «ukurasa unatengenezwa».

Na sisi wenyewe, ndani ya mapambano

Haitakuwa haki kuwanyooshea wengine kidole na kujificha sisi. Ndani ya vyama vya wananchi, pamoja na chama chetu, tunapenda kusema: «Ndugu, tufanyie bango, tufanyie ukurasa, ni juu ya inchi.» Na ndugu anafanya, usiku, na mega zake. Kujitolea ni nguvu yetu, hatuiache. Lakini kama kujitolea kunamwangukia kila siku yuleyule sababu yeye njo anajua, hiyo ni kumtumikisha bure.

Wandugu wa seli yetu wamekubali niandike hivi: tangu sasa, kila kazi ya namna hiyo, tutachanga kwanza mega na malipo ya kila mwaka ya jina na nafasi. Mwenye kufanya atoe akili na wakati wake, asitoe na chakula cha watoto wake. Na tunaomba seli zingine zifanye vilevile.

Kuko pesa ya kukataa

Neno la mwisho ni zito. Uchaguzi ukikaribia, watu wanakuja na pesa ya mbio. Wanataka blogu ya siri, haina jina, ya kutukana fulani, ya kusema kabila fulani ni adui. Kwa kijana mwenye hakula tangu jana, hiyo dola 50 ni kubwa sana. Tunajua. Tunaishi ndani yake.

Lakini sisi wa huku hatuwezi kusema kama hatujui uongo unafanya nini. Wakati wa Ebola, yenye ilitangazwa tarehe 1 agosti 2018 kule Mangina, maneno yalizunguka kwenye telefone kama ugonjwa ni biashara tu. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa, na tarehe 19 aprili daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni mwenye alikuja kutusaidia, akauawa hapa Butembo, ndani ya hospitali ya chuo kikuu. Ebola ile ilimalizika juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2 200. Hatusemi uongo peke yake njo ulifanya yote. Raia walikuwa na sababu za kweli za kukosa imani. Lakini uongo ulipata njia ndani ya kidonda kile, na kila uongo ulikuwa na mtu mwenye kuuandika na mtu mwenye kuutuma.

Fundi wa tovuti ni kama fundi wa funguo. Anajua kufungua nyumba ya kila mtu. Ndiyo maana anaombwa awe na roho safi kuliko wengine. Kama mteja hataki jina lake lijulikane, na kazi yake ni kuchukiza watu na jirani zao, mwambie hapana. Na wewe mwenye kusema hapana, usibaki peke yako: njoo kwetu, tutatafuta pamoja kazi ingine.

Vijana wenzetu, hatuombi huruma. Tulisoma, tunajua kazi, tunaamka mapema kama mama wa soko na wamotari. Tunaomba kitu kimoja, kwa mfanyabiashara, kwa shirika, kwa kanisa, kwa serkali, na kwa sisi wenyewe: siku kazi imekwisha, pesa iwe imekwisha kufika. Kesho mteja akikuambia «fanya kwanza, tutaonana», mjibu kwa heshima: «Asante papa, asante mama. Tuonane leo, tuandike, ndipo nianze.»

Mapambano yaendelee, bila fujo, bila woga.